Mpiga Taipu Aliyehesabu Ukimya

Jirani yetu mpiga taipu alikuwa akiuhesabu ukimya. Alivaa saa ya kiume yenye mshale mwekundu wa sekunde, na kila alipokaa kusikiliza mazungumzo aliyoyarikodi, mtu akinyamaza tu, yeye huutazama ule mshale. Kisha huandika ndani ya mabano: ananyamaza, sekunde sita. Mara ya kwanza nilipoziona karatasi zake nikamwuliza ukimya una faida gani kwa mtu anayedai haki yake. Akanieleza kwamba daktari akimwuliza mgonjwa jina la mtoto wake, na mgonjwa akakaa sekunde sita ndipo akalipata, ugonjwa wenyewe umo ndani ya zile sekunde sita. Kwenye ripoti litaonekana jina peke yake, na mtu ataambiwa hana tatizo la kumbukumbu.

Jina lake silitaji, maana hakupenda litembee. Mtaani kwetu Bawshar, huku Uarabuni, wakubwa walimwita mpiga taipu, kwa ile kazi aliyostaafu nayo, ya kupiga taipu ripoti za madaktari katika hospitali moja ya serikali. Watoto walimwita khala, yaani mama mdogo, kama wanavyowaita wanawake wote wa umri wake. Alizaliwa wapi hasa, babake nani, mume alikwenda wapi, sikupata kumwuliza, na hakuwa mtu wa kukufungulia mlango huo. Ninachokijua ni miaka tisa ya kuishi naye mlango wa tatu kutoka kwetu.

Mtu mwenye ulemavu anayeomba posho ya serikali lazima apite mbele ya lajna, yaani kamati ya madaktari. Huulizwa maswali, huambiwa ainue mkono, atembee, akae, kisha huandikwa ripoti, na ripoti ndiyo inayoamua. Wengi walioletewa majibu ya kukataliwa walikuta ndani ya ripoti mambo ambayo hayakutokea kabisa. Hao ndio waliokuja kugonga kwake. Wengine walikuja mapema, kumwomba awasindikize. Hakuchukua chochote kwa kazi hiyo. Ukimletea tende alizipokea, ukimletea kitambaa alikurudishia.

Alikuwa na mashine ndogo ya kurikodi, ya rangi ya fedha, ya kutia betri. Simu hakuiamini kwa kazi hiyo, kwa sababu simu hupigwa katikati ya maneno. Akifika mbele ya madaktari aliiweka juu ya meza, mahali wote wanapoiona, kisha akaomba ruhusa kwa Kiarabu cha heshima. Wakikubali, aliiwasha. Wakikataa, aliizima mbele yao, akaitia mkobani na kutoa daftari. Kurikodi kwa kificho hakukutaka hata kukusikia. Bwana mmoja wa Hamriya alimletea mazungumzo aliyoyanasa simu ikiwa mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake, akitaraji kusifiwa. Mpiga taipu alikataa kuyasikiliza, akamwambia kwamba kwa jambo lile yeye ndiye atakayeshitakiwa, na ripoti itabaki vilevile.

Wale waliomjia mapema aliwafundisha. Aliwakalisha jikoni kwake, kwa sababu ukumbini hakukaa kamwe, akawaambia waseme kwa sauti kila wanachokifanya. Nayakumbuka maneno yake kwa Bi mmoja mwenye bega bovu.

"Daktari akikwambia inua mkono, usiinue kimya kimya," alimwambia. "Sema, nnauinua, umefika hapa, hapa ndipo unaponiuma, siwezi kupita hapa. Mashine haina macho. Usiposema, hukuuinua na hukuumia."

Yule Bi akaona haya. Alisema amelelewa asilalamike mbele ya watu. Mpiga taipu akamjibu kuwa hajaambiwa alalamike, kaambiwa aeleze.

Wengi walidhani kwamba kwa kuwa yuko upande wao atawasaidia kuongeza kidogo. Hapo ndipo walipomjua. Mzee mmoja mwenye mguu wa ganzi aliamua kwenda kwenye lajna na fimbo, naye maisha yake yote hakuwa anatumia fimbo. Mpiga taipu alimwona akishuka nayo garini. Akaichukua mkononi mwake, akaitia kwenye buti la gari yake, akamwambia aingie kama anavyoingia msikitini kila siku. Mzee aliingia akiburura mguu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akitembea, na alipata haki yake. Lakini hakumsamehe kwa ile fimbo. Ilikaa kwenye buti mwaka mzima, hakwenda kuidai.

Ukali wake juu ya maandishi haukuwa wa lajna peke yake. Akipata kadi ya harusi yenye kosa, alilizungushia kalamu nyekundu na kuirudisha kwa wenyewe. Alifanya hivyo hata kwenye kadi ya mwanawe wa kike, na kadi mia tatu zilikuwa zimeshachapwa. Binti alilia. Mama mtu akasema bora alie leo kuliko kuolewa siku isiyokuwapo, maana kadi ilisema Alkhamis na tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Alikuwa na kweli, na karibu kila mara alikuwa na kweli, na nadhani hilo ndilo lililomfanya awe na marafiki wachache.

Lakini mtu huyuhuyu alikuwa mwongo mkubwa juu ya mwili wake mwenyewe. Mikono ilipoanza kumtetemeka alisema ni kahawa. Alipoanza kushikilia ukuta akitoka jikoni alisema kiatu kinateleza. Binti yake, aliyekuwa ameolewa Sohar, alipiga simu kila asubuhi, na kila nilipokuwapo nilimsikia mama yake akimwambia kuwa yu mzima, hana hata mafua. Nilimwuliza siku moja kwa nini anawahimiza watu wengine wataje kila mahali panapowauma na yeye hataji. Akanitazama kama mtu niliyemkanyaga, akasema yeye haombi chochote kwa mtu.

Alimsaidia kila aliyemjia. Nyumba ya mbele yake ilikuwa na msichana wa kazi kutoka Uganda, Prossy, Mkristo, mchangamfu, aliyetusalimia kwa Kiswahili cha bara kila alipotoa taka. Aliteleza kwenye ngazi zilizokuwa na maji ya sabuni, bega likatoka. Kliniki walilirudisha, ila karatasi waliyoandika ilisema hana jeraha lolote na anafaa kuendelea na kazi zote. Wiki ya tatu alikuwa bado hawezi kubeba ndoo.

Nilikuwapo jikoni alipokuja. "Mama, mimi Kiarabu sijui," alimwambia mpiga taipu. "Madam alinipeleka, daktari akaandika, wakaniambia saini hapa, nikasaini."

Mpiga taipu alimkalisha, akamrikodi maelezo yake tangu ngazi mpaka siku ile, akayapiga taipu, akamsomea tena kwa Kiswahili neno kwa neno ili asije akasaini asichokijua mara ya pili. Akaandika barua ya kutaka achunguzwe upya. Jibu lilichelewa. Lilipofika lilikuwa zuri: karatasi ya kwanza ilikuwa na kosa, na mhusika aletwe apigwe picha ya bega. Prossy alikuwa ameshasafirishwa siku nne kabla. Mpiga taipu alipiga ile namba ya Uganda aliyoachiwa, asubuhi na alasiri, karibu mwezi mzima. Haikupokelewa. Lile jibu alilitia kwenye bahasha, akaandika jina la msichana kwa herufi kubwa, akaliweka kabatini. Sijui alitaraji nini.

Kilichomwingiza katika mambo haya alinieleza Ijumaa moja, tukichambua mchele, bila mimi kuuliza. Enzi za kazi yake fomu zilikuwa nyingi na madaktari walikuwa na haraka. Wengine walimwambia aandike kama ya jana. Kwa hiyo alitengeneza sentensi zilizokuwa tayari ndani ya kompyuta, na kila sentensi ilikuwa na kitufe chake. Akibonyeza kimoja hujitokeza: anatembea bila ya msaada na anajihudumia mwenyewe. Alijisifia ufundi huo, na mabosi walimsifu. Siku moja, dirishani, alimwona mwanamke akipandishwa ngazi za hospitali mgongoni kwa mwanawe. Baada ya saa moja karatasi ya mwanamke yule ikafika mezani kwake, na daktari amesema kama ya jana.

"Nlimwona kwa macho yangu," alisema, "na nkabonyeza."

Aliendelea kuchambua mchele. Nilimwuliza kama alijaribu kumtafuta baadaye. Alisema alimtafuta alipostaafu, akakuta alishafariki.

Sasa nimseme mdogo wangu, kwa sababu kwa ajili yake ndiyo niliingia hasa ndani ya maisha ya mpiga taipu, na kwa ajili yake ndiyo nilitoka.

Nassor alikuwa fundi umeme. Gari yao ya kazi ilipinduka njia ya Nizwa, akakaa bila fahamu wiki tatu. Alipozinduka upande wa kulia ulikuwa umelegea, na kumbukumbu yake ilikuwa haishiki. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri limeshatoka. Kilichotushangaza zaidi ni kuwa Kiarabu kilikwenda. Alikuwa amesoma kwa Kiarabu, kafanya kazi kwa Kiarabu, katania wenzake kwa Kiarabu, na kilichobaki ni Kiswahili cha mama, kile cha jikoni, cha utotoni. Kiarabu alibakiwa na aiwa tu, yaani ndiyo. Alilitumia kwa adabu, kwa kila mtu aliyemwambia neno asilolifahamu, na alilisema vizuri, kwa tabasamu, hata mgeni asingejua.

Siku ya lajna mama yetu hakutaka tumchukue mpiga taipu. Aliona ni aibu kwenda na mtu wa nje kwenye ugonjwa wa nyumbani. Nilikwenda mimi na Nassor. Nilikuwa nimejifunza kuomba ruhusa, nikaomba, na daktari, kijana mwenye haraka, akasema nirikodi nikitaka. Nikaiwasha simu yangu na kuiacha juu ya meza. Kisha nikaambiwa jamaa wasubiri nje. Nilijaribu kueleza habari ya Kiarabu, akaniambia watamwuliza mwenyewe. Nikakaa ukumbini. Baada ya dakika chache Nassor akatolewa akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali, akitabasamu.

Ripoti ilisema anafahamu maswali yote na kuyajibu sawasawa. Ilisema hana maumivu, anaendesha gari mwenyewe, na anaisaidia familia kununua mahitaji. Ombi likakataliwa.

Nilipeleka simu kwa mpiga taipu siku hiyohiyo. Mazungumzo yalikuwa ya dakika kumi na moja, na katika hizo daktari alizungumza kwenye simu yake mwenyewe dakika nne. Nilikuwa nimeshayasikiliza mara mbili nikaona hayana kitu. Yeye alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne aliniita jikoni, akanipa kurasa tisa.

Nassor alisema aiwa mara kumi na tisa. Aliulizwa kama hana maumivu, akasema aiwa. Aliulizwa kama anaendesha gari, aiwa. Aliulizwa hapohapo kama kuna mtu anayemwendesha, aiwa. Daktari aliandika la kwanza akaacha la pili. Aliulizwa mama yake anaitwa nani, akasema aiwa, na hilo halikuingia kwenye ripoti kabisa. Mpiga taipu alikuwa ameziweka namba pembeni, moja mpaka kumi na tisa, na mbele ya kila namba dakika na sekunde yake.

Kisha akanionyesha ukurasa wa saba. Daktari yuko kwenye simu yake. Chini ya sauti yake, mpiga taipu aliandika kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kiarabu mbele yake: Dada yuko wapi? Nnataka kwenda kwetu.

Nikamwambia hakuna maneno hayo, nimesikiliza mara mbili. Akanivalisha vile vidude vya masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akairudisha dakika ya saba. Nikamsikia. Alikuwa akinong'ona, kama mtoto aliyeambiwa asipige kelele. Mimi nilikuwa nje ya mlango uleule, hatua nne.

Nililia pale mezani. Hakunibembeleza. Alinipa maji, akangoja. Nilipotulia nikamwomba aandike kuwa Nassor alilia ndani ya chumba kile, kwa sababu ile sauti kwangu ilikuwa ya kilio.

"Hakulia," alisema. "Kama alilia, nionyeshe dakika."

Nikamwambia atajuaje, yeye si ndugu yake. Akasema hata mimi sijui, nilikuwa nje. Tuliacha kama ilivyokuwa.

Barua ya kulalamika aliiandika yeye, kwa Kiarabu cha ofisini. Ilikuwa na maombi matatu. La kwanza, Nassor aitwe mbele ya madaktari wengine. La pili, awepo mtu wa kumfasiria Kiswahili. La tatu lilikuwa chini, kwenye ukurasa wa pili. Nilisoma mawili ya mwanzo, nikasema Mungu amjaalie kheri, nikatia saini.

Kikao cha pili kilikuwa tofauti kabisa. Mkubwa wao alikuwa daktari wa kike, mtu mzima, mpole. Mimi na mpiga taipu tuliruhusiwa kuingia. Mashine ya rangi ya fedha iliwekwa juu ya meza na hakuna aliyeitazama tena. Mpiga taipu alipoombwa afasiri alikataa, akasema yeye yuko upande wa mgonjwa, si halali. Wakamtafuta muuguzi anayejua Kiswahili. Walimwonyesha Nassor kikombe, ufunguo, kalamu. Kikombe alikitaja. Ufunguo alisema ni wa mlango, jina lake hakulipata. Kalamu aliishika kwa mkono wa kushoto akaigeuzageuza. Walikaa naye saa nzima, na njiani kurudi akaniuliza tunatoka wapi.

Ripoti ya pili ilikuwa ya kweli kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Ombi likakubaliwa. Nilirudi nyumbani na furaha, nikamkuta mama amekaa sakafuni na Nassor, akimnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja kwa mafuta ya nazi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu atoke hospitali. Alikuwa na hakika kwamba vidole vile vitarudi. Akaniambia nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma. Kila nilipofika kwenye jambo la kweli alitikisa kichwa na kusema alhamdulillah. Nikafika mstari wa mwisho na sikuwahi kujizuia, nikausoma: hali yake ni ya kudumu, na hakutarajiwi nafuu ya maana.

Mama aliuacha mkono wa Nassor.

"Nani kawaambia waandike hivi?" aliuliza.

Nikatafuta nakala ya barua yetu. Ombi la tatu lilikuwa hilo. Tuliiomba kamati iandike waziwazi kama hali ya mgonjwa ni ya kudumu. Saini ilikuwa yangu.

Nassor alikuwa ametusikia, maana tulizungumza lugha yake. Akauliza ni nani haponi. Mama akamwambia ni mtu mmoja wa mtaa wa pili. Baada ya robo saa alikuwa ameshasahau, na ile ndiyo mara ya kwanza niliyoshukuru kusahau kwake. Mafuta ya nazi yalikaa juu ya kabati wiki nzima bila kuguswa.

Nilikwenda kwa mpiga taipu jioni ileile. Alinisikiliza akiwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Alieleza, kwa sauti ya kawaida, kuwa bila mstari ule Nassor angeitwa kila mwaka. Kila mwaka angetolewa nyumbani, akalishwe mbele ya watu asiowajua, athibitishe kuwa bado hajapona. Nikamwambia angenieleza. Akasema ilikuwa imeandikwa, na nilitia saini. Ilikuwa kweli, na niliichukia kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikamwambia mama yangu hajala tangu asubuhi. Nikatoka, na nilipita mbele ya mlango wake miezi kumi na moja bila kugonga. Mama alikata hata salamu. Akiiona gari yake inatoka, anageuza uso.

Wakati ule nilidhani anatupita kwa kiburi. Baadaye nikajua kwamba alikuwa haendeshi tena. Gari ilikuwa ikitolewa na binti yake, aliyehama Sohar kuja kumwuguza.

Binti ndiye aliyeniita, tulipokutana duka la mkate. Akaniambia mama yake amelala, ugonjwa ni ule wa kutetemeka, umefika mbali, na sasa kifua pia. Anayemtaja ni mimi. Aliniambia pia kwamba amemsihi mara nyingi wampeleke lajna, wapate japo kiti na mtu wa kusaidia, amekataa. Watu wote kawapeleka yeye, alisema binti, na yeye mwenyewe haendi.

Nilimwambia mama. Akasema niende nikitaka, yeye hana mguu wa kwenda huko. Alikuwa na miadi yake ya macho, na hakukuwa na mtu wa kubaki na Nassor, nikamchukua.

Walikuwa wamemhamishia ukumbini, mahali asipopapenda. Alikuwa amekonda sana. Mikono ilikuwa juu ya shuka na haikutulia hata kidogo, kama bado inaandika. Saa ya mkono alikuwa ameivua kwa sababu ilimzunguka. Nilimsalimia, nikambusu kichwani, nikakaa. Nassor nilimkalisha kando yangu. Hakumkumbuka. Alimsalimia kwa adabu, kama mgeni.

Nilimwuliza kwa nini hataki kwenda lajna. Alichukua muda kupata pumzi.

"Nimewasikia wakiulizwa watu miaka yote hii," alisema. "Sitaki kuulizwa."

Akamtazama Nassor, kisha akanitazama mimi.

"Lile la tatu ilikuwa nikwambie," alisema. "Nlijua ungekataa. Nkalitia chini, nkanyamaza. Nlikuandikia usilolisema. Hilo ndilo nlokuwa nikiwalaumu wao."

Nilimweleza mambo yalivyokwenda. Mwaka umepita na Nassor hajaitwa popote, hajatolewa nyumbani, na nimeona watu wengine wanavyohangaika na kuitwa upya, nikafahamu. Nikamwambia pia kwamba mama alirudia mafuta ya nazi baada ya ile wiki moja, na mpaka leo kila asubuhi anavinyoosha vile vidole.

"Anajua kuwa havirudi?" aliuliza.

"Anajua."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, polepole, kwamba ni vizuri, amshike mkono tu.

Binti alileta chai ya maziwa. Mpiga taipu alijaribu kukishika kikombe, ikamwagika kidogo juu ya shuka, na binti akaenda kutafuta kitambaa. Kabla sijainuka, Nassor alikuwa ameshasogeza kiti. Akakichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akakipeleka mdomoni kwa mpiga taipu, akangoja anywe, akakirudisha, akakileta tena. Mtu ambaye katika miaka tisa sikumwona akipokea msaada wa kubebewa hata mfuko wa vitunguu, alikunywa chai ile mpaka ikaisha.

"Bibi, wewe nani?" Nassor alimwuliza.

"Jirani yenu," alisema.

"Unatujua?"

"Nakujueni kidogo."

Nassor akaridhika. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Wakati wa kuaga alinishika kwa vidole viwili, ndivyo alivyoweza, akanisisitiza nisimletee tena tende, meno yake hayazitaki. Nikamwahidi.

Alifariki siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, binti yake akiwa kando. Nilimkuta mama jikoni nikamwambia. Alizima jiko. Alisimama kidogo, mkono juu ya sufuria, kisha akaenda chumbani, akarudi amevaa baibui lake jeusi la msibani, akaniuliza kama wanawake wanakaa nyumbani kwake au kwa binti. Nikamwambia nyumbani kwake. Akamshika Nassor mkono wa kulia, tukatoka wote watatu, milango mitatu tu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wengi walikuwa watu aliowahi kuwasaidia mbele ya lajna, niliwafahamu kwa magongo, kwa viti vya magurudumu, kwa watoto wakubwa waliopakatwa na mama zao. Tulipewa nafasi karibu na mlango kwa sababu ya Nassor, asiyeweza kuachwa peke yake. Mwanamke aliyekaa kando ya mama, mtu wa mbali, hakutujua, akamwuliza kwa sauti ndogo marehemu alikuwa nani yake.

Mama alimtazama Nassor, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuweka viatu.

"Alimwandikia mwanangu," alisema, akasogea kumpisha mtu mwingine akae.